Ukweli wa Mgonjwa Siku ya Kupimwa Upya

Wako kati ya wasomaji wetu watu ambao barua moja tu ya ofisi yatosha kuwanyima usingizi majuma mazima. Ni wale walioumia kazini, au waliopatwa na maradhi yatokanayo na kazi, wakapimwa na daktari, wakahesabiwa kuwa na ulemavu wa kudumu, na tangu hapo riziki yao ni ile pensheni ya kila mwezi. Siku moja huletewa wito wa kupimwa upya, ili ijulikane kama hali yao ni ile ile, au imezidi kuwa mbaya, au imepata nafuu. Barua yenyewe ni ya mistari michache, wala haina neno la ukali. Lakini katika nyumba ambamo unga, dawa na mahitaji ya shule hutoka katika fedha hiyo, mistari hiyo michache huingia kama maji ya mvua chini ya mlango.

Swali ambalo mapadre huulizwa juu ya jambo hili, mara nyingi kwa sauti ya chini baada ya Misa, ni hili: je, ni dhambi kujionyesha mgonjwa zaidi kidogo siku hiyo, ili nisinyang'anywe kilicho haki yangu? Tutalijibu. Lakini liko swali la pili ambalo hatujamsikia mtu akiliuliza, nalo twaliona kuwa zito kuliko la kwanza: je, ni haki kujionyesha mzima kuliko nilivyo?

Kwanza tukiri kwamba kupima upya si uonevu kwa asili yake. Mwili wa binadamu haukai mahali pamoja. Mfupa huunga, kidonda hufunga, na kwa upande mwingine mgongo uliodhaniwa kupona hurudia maumivu yake baada ya miaka. Tena fedha inayolipwa si ya karani aliyeitia sahihi. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ilitungwa mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kazi mwaka 2015, waajiri wakiutilia michango kwa ajili ya wote wanaowaajiri. Mwenye ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo mmoja. Aliyepita hapo hulipwa pensheni ya mwezi kwa mwezi. Mtu aliyeko karibu na mpaka huo ajua maana ya asilimia chache kuliko mwalimu yeyote wa hesabu. Fedha iliyochangwa na wengi kwa ajili ya walioumia yapasa kuwafikia walioumia, na hakuna njia ya kulijua hilo ila kutazama. Mkataba namba 121 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1964, haukukataa kupima upya. Uliagiza kwamba masharti ya kupima upya, ya kusimamisha na ya kukomesha malipo yawekwe bayana, yaani pasiwe na mtu wa kumwita mgonjwa na kumhukumu apendavyo.

Wala jambo hili si geni kwa mwenye kusoma Maandiko Matakatifu. Kitabu cha Walawi, katika sura ya 13, chaeleza namna kuhani wa Israeli alivyompima mtu mwenye alama katika ngozi yake. Alimtazama, na palipokuwa na shaka alimtenga siku saba. Siku ya saba alimtazama tena, na kama alama haikuenea alimtenga siku saba nyingine, ndipo akamtazama mara ya tatu na kutamka neno. Naye Bwana wetu alipomtakasa mwenye ukoma alimtuma akajionyeshe kwa kuhani, ijapokuwa Yeye aliyemponya hakuhitaji cheti. Aliheshimu ushuhuda wa ofisi. Lakini tuangalie pia kwamba kuhani yule alipewa muda, akapewa alama za kutazama, wala hakuambiwa ni wagonjwa wangapi wanaotakiwa kupunguzwa katika hesabu ya mwaka.

Na lipo jambo jingine la kutangulia kukumbuka. Papa Yohane wa 23, katika waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963, aliitaja miongoni mwa haki za binadamu ile ya kulindwa katika ugonjwa, katika kutoweza kufanya kazi, katika ujane na katika uzee. Aliiita haki. Basi anayeitwa kupimwa hapelekwi kuomba sadaka, wala haimpasi kuingia chumbani mwa daktari na uso wa mwombaji. Anakwenda kutoa ushahidi juu ya jambo analolijua yeye kuliko mtu mwingine yeyote duniani.

Sasa swali la kwanza. Kujizidishia ugonjwa mbele ya daktari ni uongo, na fedha ikipatikana kwa uongo huo, amri ya 8 na amri ya 7 zimevunjwa pamoja kwa tendo moja, na kilichochukuliwa yapasa kirudishwe. Mtakatifu Augustino, aliyeandika kitabu kizima juu ya uongo karibu na mwaka 395, hakuuruhusu hata ule unaosemwa kwa nia njema. Twajua udhuru unaotolewa. Watu husema: daktari atapunguza tu, basi mimi niongeze, nasi tutakutana katikati, kama sokoni. Hoja hii ina sura ya akili. Lakini sokoni mwuzaji na mnunuzi wote wawili wajua kwamba bei ya kwanza si bei, kwa hiyo hakuna aliyedanganywa. Chumbani mwa daktari mmoja anashuhudia na mwingine anaandika, na anachoandika chasomwa kama kweli. Zaidi ya hayo, madaktari si vipofu. Anayechechemea mlangoni na asiyechechemea langoni huonwa dirishani, na mgonjwa wa kweli anayemfuata ndiye atakayelipa deni la mashaka hayo. Hatusemi zaidi juu ya hili, kwa kuwa kila msomaji alilijua kabla hatujashika kalamu.

La pili lataka subira zaidi.

Lugha yetu imetulea katika desturi moja nzuri. Mtu akiulizwa hujambo, hujibu sijambo, hata kama yu kitandani. Akiulizwa habari za nyumbani, hujibu nzuri. Kisha, wakiisha kuketi, huongeza: ila mtoto ana homa, ila mzee alitutoka juzi. Habari yote imo katika hiyo ila. Anayetujua huingoja. Ajua kwamba ile nzuri ya kwanza ni kizingiti tu, na mambo yenyewe yamo ndani. Lakini daktari mpimaji ana watu 20 wanaomngoja barazani. Auliza: Mzee, unaendeleaje? Mgonjwa ajibu: Namshukuru Mungu, daktari, sijambo. Kalamu yaandika. Ile ila haijafika.

Tuweke mfano wa fundi mwashi aliyeanguka kutoka juu ya jengo akaumia mgongo. Siku ya kupimwa mkewe ameamka alfajiri kumkanda kwa maji ya moto. Wanawe wawili wamemwinua hadi ndani ya gari. Amevaa shati lililopigwa pasi na viatu vilivyong'arishwa, kwani mtu mwenye heshima zake haendi mbele ya wakubwa akiwa amekunjamana. Mlangoni anaiacha fimbo yake, maana hapendi daktari yule, aliye sawa na mwanawe wa mwisho, amwone akijikongoja. Aulizwa: Waweza kuinama? Ajibu: Naweza. Waweza kubeba ndoo ya maji? Naweza. Mkewe aliyesimama nyuma yake ajua kwamba mara ya mwisho mumewe alipobeba ndoo alilala siku mbili asiweze kujigeuza. Lakini mke mwema hamkanushi mumewe mbele ya wageni, basi ananyamaza. Baada ya mwezi yaja barua kwamba hali imepata nafuu kubwa.

Je, nani amesema uongo hapo? Daktari aliandika alichoambiwa. Mke alinyamaza kwa heshima. Mwashi alijibu neno moja moja, na kila neno lilikuwa na chembe ya kweli, kwani ndoo aliibeba kweli. Hata hivyo karatasi ile ni ya uongo toka mstari wa kwanza hata wa mwisho.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliiweka fadhila ya ukweli kati ya makosa mawili: upande huu majivuno ya mtu anayejitangaza kuwa zaidi ya alivyo, na upande huu mwingine kujishusha kwa uongo, ambako mtu hukana jema alilo nalo. Ukimtazama mwashi wetu kwa haraka, wadhani yu upande wa wanyenyekevu, kwa kuwa halalamiki. Tukimpima vizuri twamkuta upande wa pili: anatangaza nguvu asizo nazo. Na yule anayejizidishia ugonjwa ndiye anayejishusha, tena kwa faida. Unyenyekevu ungekuwa kukubali kuonekana dhaifu na kijana mwenye koti jeupe. Mtume Paulo hakuona haya kuwaandikia Wakorinto juu ya mwiba uliokuwa mwilini mwake, katika barua ambayo alijua itasomwa mbele ya watu wote.

Hatusemi kwamba mwashi huyu ametenda dhambi. Hakukusudia kumdanganya mtu. Twasema kwamba alikuwa na deni la ukweli, na kabla deni hilo halijawa la Mfuko, lilikuwa la watoto wake. Pensheni ile haikutolewa kwa ajili ya mwili wake peke yake. Baba wa familia ana ruhusa ya kuvumilia njaa yake mwenyewe, hana ruhusa ya kuitoa sahani ya mtoto ili heshima yake ibaki wima kwa dakika kumi.

Basi ukweli juu ya mwili husemwaje? Husemwa kwa vipimo. Neno naweza halitoshi, na neno siwezi nalo halitoshi. Mara ngapi kwa juma? Kwa muda gani kabla ya kupumzika? Kwa msaada wa nani? Na kesho yake inakuwaje? Mtu aweza kutembea hadi kanisani, lakini akaketi njiani mara tatu na kukosa Misa ya Jumapili inayofuata. Akisema naenda kanisani kwa miguu, hajasema uongo wala hajasema kweli. Wakatoliki hatuna udhuru wa kutolijua jambo hili, kwa maana tulifundishwa tungali watoto kwamba katika kitubio hatusemi tu nimekosa. Mtaguso wa Trento, mwaka 1551, ulifundisha kwamba dhambi za mauti ziungamwe kila moja kwa aina yake, pamoja na mazingira yanayoigeuza, kwa kuwa aliyekaa kuhukumu hawezi kuhukumu asilolijua. Ndiyo maana twatafuta dhamirini kabla ya kuingia katika kiti cha maungamo. Hakuna aliyepata kusema kwamba mwenye kutafuta dhamirini anapanga hila.

Walakini tumewaona watu waaminifu wakiona haya kujitayarisha kwa siku ya kupimwa. Hudhani kwamba mkweli huenda mikono mitupu, na kwamba mwenye kubeba daftari ni mjanja. Twaona kinyume chake. Maumivu hayana kumbukumbu nzuri. Ukimwuliza mtu Jumanne alikuwaje Ijumaa, atakueleza alivyo Jumanne. Basi anunue daftari la shule, na kwa miezi miwili kabla ya siku hiyo, kila jioni, aandike mistari miwili au mitatu: alilala saa ngapi, alitembea hadi wapi, alijaribu kazi gani akaishia wapi, alikunywa dawa gani na ilimfanya nini, nani alimvika viatu. Asiyejua kuandika amwambie mtoto aandike. Na siku njema nazo ziandikwe. Daftari lisilo na siku njema hata moja halisadikiki, wala halistahili kusadikiwa.

Juu ya karatasi tutasema kwa ufupi. Ya kwanza ni ile barua ya zamani iliyotaja ulemavu na asilimia yake, kwa kuwa anayetaka kujua kama kitu kimebadilika hana budi kujua kilikuwaje. Zifuate kadi za hospitali, picha za eksirei, taarifa za upasuaji, na orodha ya dawa. Zitolewe nakala, na zile za asili zibaki nyumbani katika sanduku la bati, maana mchwa hawajui thamani ya cheti. Tarehe na mahali pa kupimiwa visomwe mara mbili. Asiyeweza kufika atoe taarifa kwa maandishi mapema na abaki na nakala, kwani katika ofisi nyingi ukimya huhesabiwa kuwa ni kukataa. Na kama mtu aliacha kwenda kliniki kwa kukosa nauli, aseme hivyo waziwazi. Asiposema, karatasi itasema kwa niaba yake kwamba alipona.

Lakini matayarisho makubwa hayamo katika sanduku. Ni mazungumzo ya usiku wa kuamkia safari, ambapo mume humwambia mkewe: kesho nikisema naweza, nawe wajua kwamba siwezi, useme. Ruhusa hiyo ni ngumu kuitoa. Ndoa nyingi zimepitia njaa na misiba bila kuhitaji ruhusa ya namna hiyo. Lakini yeye ndiye shahidi pekee aliyekuwapo saa nane za usiku.

Kuna kosa jingine lililojificha zaidi, nalo ni kuogopa kupona. Injili ya Yohane, sura ya 5, yamtaja mtu aliyekuwa mgonjwa kwa miaka 38 kando ya birika la Bethzatha, na Bwana akamwuliza kama anataka kuwa mzima. Wengi wamelistaajabia swali hilo, wakiona jibu liko wazi. Sisi twadhani kwamba mtu ambaye chakula chake hutegemea ugonjwa wake halistaajabii. Naye yule mgonjwa hakujibu ndiyo. Alieleza kwamba hana mtu wa kumtia birikani. Baada ya miaka mingi ulemavu huwa nyumba, na mtu huogopa kutoka nje kwa kuwa hajui kama atafunguliwa mlango akitaka kurudi. Aliyepata nafuu ya kweli yampasa kuisema. Ni neno gumu, nasi hatulisemi kwa wepesi, maana twajua nafuu ya mkono si sawa na kupata kazi. Lakini nafuu inayofichwa humfunga mtu: haruhusiwi kucheka barazani, haruhusiwi kupalilia bustani, kila jirani amekuwa mpelelezi.

Hapa wenye mamlaka wana sehemu yao. Papa Yohane Paulo wa 2, katika waraka Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba mwenye ulemavu ni mmoja wetu, mwenye ubinadamu kamili, na kwamba jamii inayowaruhusu kazini wale tu wenye nguvu zote hujivunjia heshima yenyewe. Mtu aliyepoteza miguu akajifunza kutengeneza redio anatimiza mafundisho hayo. Akiogopa kuonekana na bisibisi mkononi, kosa halianzii kwake. Mfuko unaomwadhibu mtu kwa kujaribu utawafundisha wengine wote wasijaribu, kisha utalalamika kwamba wanaopona ni wachache.

Wala tusidhani kwamba hofu ya wagonjwa ni ya kubuni tu. Marekani ilianzisha malipo ya bima kwa wenye ulemavu kwa sheria iliyotiwa sahihi na Rais Eisenhower mwaka 1956. Mwaka 1980 bunge la nchi hiyo liliagiza kwamba wapokeaji wasiohesabiwa kuwa na ulemavu wa daima watazamwe upya walau kila miaka 3. Katika karatasi jambo hilo lilikuwa na haki. Lakini kuanzia mwaka 1981 lilitekelezwa kwa pupa, na katika muda wa miaka kama mitatu karibu watu nusu milioni waliambiwa kwamba malipo yao yamekoma. Walioumia sana walikuwa wagonjwa wa akili, ambao wengine hawakuweza kujaza fomu, na wengine walisema kwa moyo mweupe kwamba hawana ugonjwa wowote, kwa sababu kutojua kwamba u mgonjwa ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Wengi hawakuwa wamepona chochote. Mizani ndiyo iliyobadilishwa. Wakakata rufani, na watu zaidi ya laki mbili wakarudishiwa. Baadhi ya majimbo yalikataa kuendelea na kazi hiyo. Hatimaye mwaka 1984 bunge likapitisha sheria mpya bila kura hata moja ya kupinga: malipo ya mtu, isipokuwa katika mambo machache yaliyotajwa, yasikomeshwe mpaka uwepo ushahidi kwamba mwili wake umepata nafuu, na kwamba nafuu hiyo yahusu uwezo wake wa kufanya kazi.

Twaona haki kubwa katika kanuni hiyo, nasi twatamani watunga sheria wa kila nchi waitafakari. Mtu aliyekwisha kupimwa na kukubaliwa haanzi tena sifuri kila anapoitwa. Anayesema kwamba kuna mabadiliko ndiye wa kuyaonyesha. Nchini humo leo anayetazamiwa kupata nafuu hutazamwa baada ya miezi 6 hadi 18, ambaye nafuu yake yawezekana tu hutazamwa kila miaka 3 hivi, na asiyetazamiwa nafuu hutazamwa baada ya miaka 5 hadi 7. Aliyeondolewa ana siku 60 za kukata rufani. Na akiomba ndani ya siku 10, malipo yaweza kuendelea mpaka asikilizwe, ingawa akishindwa aweza kudaiwa kurudisha. Siku 10 ni chache kwa mtu ambaye barua humfikia kupitia kwa mwenyekiti wa kijiji, lakini huko posta huja mlangoni.

Kwa madaktari Wakatoliki wanaotusoma tuna ombi, si amri. Mguu uliokatwa haujapata kuota. Kumwita mwenye mguu huo asafiri kutwa nzima kwa basi, ili ionekane kama ungali umekatwa, ni kumfanyia dhihaka hata kama fomu yadai hivyo, na anayeijaza fomu anao uwezo wa kuandika kwamba wito wa pili hauna maana. Uingereza, mwaka 2017, ilianza kuwaondolea wito wa mara kwa mara baadhi ya watu wenye maradhi mazito yasiyotazamiwa nafuu. Nchi tajiri iliona kwamba wito ule ulikuwa upotevu wa fedha, nasi twaongeza kwamba ulikuwa upotevu wa huruma. Na kwa wale wanaostahili kuitwa, daktari aulize swali lake mara mbili. La kwanza litajibiwa na adabu. Akinyamaza kidogo, akaweka kalamu chini, akauliza tena: na siku ambayo hali ni mbaya, mzee, inakuwaje? ataisikia ila.

Nao majirani wana neno lao. Husemwa vijijini na mijini kwamba fulani anakula fedha ya bure. Mara nyingi anayesema hivyo amemwona huyo fulani siku moja akiwa amesimama, hajamwona siku nne alizolala. Maneno ya namna hiyo hufika ofisini, wakati mwingine kwa barua isiyo na jina. Mwenye ushahidi wa wizi auseme mahali panapohusika na kwa jina lake. Asiye nao akumbuke kwamba amri ya 8 ilitolewa kwanza dhidi ya ushahidi wa uongo juu ya jirani.

Kama katika jumuiya yenu ndogo ya Kikristo yuko mtu aliyeletewa wito, msingoje hadi arudi ndipo mkampe pole. Mwulizeni siku na saa, na kama anayo nauli ya watu wawili. Ikiwa hana mke au mtoto wa kwenda naye, achaguliwe mmoja wenu anayemjua vizuri na asiyeogopa maofisa, asafiri naye, amshikie mfuko wa karatasi, aketi kando yake kwa adabu, asitie neno lolote mpaka daktari atakapouliza juu ya ile ndoo.